Akiba ya Mfupa

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike habari ya jambo nilijualo kwa kulipata mwilini, si kwa kulisoma tu. Jambo lenyewe ni namna nyonga ya bandia inavyobadilishwa mara ya pili, na sababu ya madaktari kupanda mfupa wa mtu mmoja katika mwili wa mwingine. Mimi si daktari. Nilipotoka shule hii nilijifunza uhasibu, na hata leo kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kampala. Lakini nyonga yangu ya kushoto imebadilishwa mara mbili, na mtu aliyepasuliwa mara mbili mahali pamoja huwa na maswali mengi. Niliyojibiwa na madaktari wangu, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye, nitayaeleza hapa kwa maneno mepesi. Wanafunzi watayaona ni ndugu wa masomo yao ya bayolojia, na wenzangu wa zamani huenda wakaona kuwa yanawahusu kuliko walivyodhani.

Kwanza tuitazame nyonga yenyewe. Kichwa cha fupa la paja ni mviringo kama mpira mdogo, nacho huzunguka ndani ya kikombe kilicho katika fupa la kiuno. Baina yao pana gegedu nyororo na ute wa kulainisha, ili mfupa usisuguane na mfupa. Mtu anapotembea tu, bila ya kukimbia wala kubeba kitu, nyonga hupokea mzigo unaozidi mara mbili uzito wa mwili wake, kwa sababu misuli nayo huvuta kwa nguvu. Gegedu likiisha, au kichwa kikiharibika, kila hatua huwa ni adhabu.

Katika nchi za Ulaya wengi wanaobadilishwa nyonga ni wazee ambao gegedu lao limechakaa kwa umri. Kwetu wazee wapo, lakini wamo na vijana wengi. Wengine huvunjika nyonga katika ajali za barabarani, na kila msomaji anayepanda bodaboda aelewa nasema nini. Wengine wana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi hapa huuita sikoseli. Katika ugonjwa huo chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Mishipa inayolisha kichwa cha fupa la paja ni myembamba na michache. Ikizibwa, kichwa hufa kwa kukosa damu, kisha hubonyea. Uchunguzi uliofanywa Uganda nzima mwaka 2014 na 2015 juu ya damu ya watoto wachanga ulionyesha kuwa watoto 13 hivi katika kila 100 wamerithi chembe ya ugonjwa huo kutoka kwa mzazi mmoja, na karibu watoto 7 katika kila 1,000 wana ugonjwa wenyewe. Mimi ni mmoja wa hao wenye ugonjwa wenyewe. Nilipotimiza miaka 27, kichwa cha fupa langu la paja kilikuwa kimebonyea kama chungwa lililokaliwa, nami nikawekewa nyonga ya bandia hapa mjini.

Nyonga ya bandia tuijuayo leo ilipatikana kwa taabu. Daktari John Charnley, wa hospitali ya Wrightington katika jimbo la Lancashire, Uingereza, alianza kwa kuweka vikombe vya Teflon, ile ile ipakwayo katika vikaango ili chakula kisigande. Wagonjwa wake walifurahi kwa muda mfupi, kisha vikombe vikalika upesi, mabaki yake yakachokoza nyama, na ikambidi awapasue tena. Charnley alitaka kujua kwa hakika kosa li wapi, hata akajitia vipande vya plastiki katika paja lake mwenyewe apate kuona mwili utavipokeaje. Mwaka 1962 fundi wake, Harry Craven, alipata plastiki ya namna nyingine, polithini ngumu, iliyokuwa ikitengenezewa magurudumu ya meno ya mashine za kufumia nguo. Craven aliijaribu akaona kuwa hailiki upesi. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, mwezi mmoja baada ya Uganda kupata uhuru, Charnley alianza kuitumia kwa wagonjwa. Kichwa cha chuma alikifanya kidogo, kipenyo chake milimita 22 hivi, na vyote viwili alivishika kwa saruji ya akriliki, ambayo asili yake ni kwa mafundi wa meno. Saruji hiyo si ile ya Tororo tuiuzayo dukani, ila kazi yake ni moja: kujaza nafasi na kushika.

Kazi ya Charnley ilikuwa njema hata nyonga nyingi zimedumu miaka mingi. Hesabu zilizotolewa mwaka 2019, zilizokusanywa katika nchi zenye madaftari mazuri, zaonyesha kuwa nyonga karibu 6 katika kila 10 hufika miaka 25. Kwa mzee wa miaka 70 habari hiyo ni njema sana. Kwa kijana wa miaka 27 ni habari ya namna nyingine. Hata nyonga yake ikidumu kama zile zilizo bora, ataihitaji ya pili, na labda ya tatu. Tena kijana hutembea zaidi, hupanda ngazi zaidi, hubeba watoto, na kwa hiyo hulisha nyonga yake kazi nyingi.

Hapa yafaa tukumbuke kuwa mfupa si jiwe. Ndani ya kila mfupa wenye uhai mna mafundi wa namna mbili, seli zibomoazo na seli zijengazo, nao hawapumziki mchana wala usiku. Seli zibomoazo huondoa mfupa mkongwe, na zijengazo huweka mpya mahali pake. Kazi hizo mbili zikilingana, mfupa hubaki imara. Mahali pabebapo uzito mfupa hunenepa, na mahali pasipotumika hukonda. Julius Wolff, daktari wa Ujerumani, aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1892, na bado yanafundishwa. Msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa ndilo litakalotuonyesha ubaya na tiba yake.

Waswahili husema, bandu bandu huisha gogo. Kila hatua tupigayo, kichwa cha chuma hukwangua plastiki kidogo sana, na vumbi lake ni jembamba hata jicho haliwezi kuliona. Askari wa mwili hulimeza vumbi hilo wakidhani ni adui, lakini hawawezi kulisaga. Basi hupiga kelele kwa njia ya kemikali, na kelele hizo huziamsha seli zibomoazo. Hizo hula mfupa ulio karibu na nyonga ya bandia, hali zijengazo haziwezi kufuatana nazo. Mfupa huanza kuwa na matundu. Mwisho kikombe hulegea, au chuma cha pajani hutikisika, na kutikisika huko huongeza vumbi. Ajabu ni kwamba mgonjwa huweza kukaa muda mrefu bila ya maumivu huku mfupa unaliwa.

Mimi nilipigwa picha ya eksirei kila mwaka, kama nilivyoagizwa. Katika mwaka wa 13 picha ilionyesha mstari mweusi ukizunguka kikombe, na juu yake kivuli kikubwa kama yai la kuku. Daktari aliniwekea picha ya kwanza na ya sasa ubavu kwa ubavu mbele ya taa. Palipokuwa peupe miaka kumi iliyopita sasa palikuwa peusi. Akaniambia, "Nyonga mpya naweza kuipata kwa simu moja. Kinachokosekana hapa ni mfupa wa kuiegemeza." Nilifanya kazi ya hesabu muda mrefu, nikamwelewa mara moja. Duka huweza kununua bidhaa tena. Likila mtaji wake, limekwisha.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini tundu lisijazwe kwa chuma kikubwa zaidi, au kwa saruji nyingi? Hufanywa hivyo, na siku hizi kuna vyuma vyenye vitundu vidogo ambavyo mfupa huingia na kushikamana navyo. Pengine mfupa umepotea mno, nayo huwa ndiyo njia pekee. Lakini chuma kikijaza tundu hakimrudishii mtu mfupa. Siku kikilegea, tundu litakuwa kubwa kuliko la kwanza. Kwa mzee huenda siku hiyo isifike. Kwa mtu wa miaka 40 lazima aifikirie. Kupanda mfupa ni kujaribu kurudisha mtaji wenyewe.

Kupanda mfupa si jambo la jana. Mwaka 1880 William Macewen, daktari wa Glasgow katika Scotland, alimtibu mtoto mdogo aliyepoteza sehemu kubwa ya mfupa wa mkono kwa usaha. Siku hizo watoto wengi wa mji ule walikuwa na miguu iliyopinda kwa sababu ya matege, na Macewen alikuwa akiwanyosha kwa kukata vipande vya mfupa mfano wa kabari. Vipande hivyo vilikuwa vya kutupwa. Yeye alivichukua, akavikatakata, akavipanga katika mkono wa yule mtoto mara kwa mara mpaka pengo likajaa. Mfupa ukashika, na mkono ukafaa kazi. Fikira yake ndiyo tunayoitumia mpaka leo: kilicho cha kutupwa kwa mmoja chaweza kuwa kiungo cha mwingine.

Mfupa ulio bora kupanda ni wa mgonjwa mwenyewe, unaokatwa ukingoni mwa fupa la kiuno, kwa kuwa una seli hai na mwili haumkatai mwenyewe. Ubaya wake ni kwamba ni mchache, tena kidonda huwa viwili. Kwa tundu la nyonga hautoshi. Kwa hiyo hutumika mfupa wa mtu mwingine, hasa kichwa cha fupa la paja kinachotolewa mtu anapobadilishwa nyonga mara ya kwanza.

Namna iliyotumika kwangu ilianzishwa Nijmegen, Uholanzi, na daktari Tom Slooff mwaka 1979 kwa upande wa kikombe. Robin Ling na Graham Gie wa Exeter, Uingereza, waliifuata kwa upande wa fupa la paja tangu mwaka 1987. Kwanza huondolewa kikombe kilicholegea, saruji ya zamani, na utando wote uliojaa vumbi la plastiki, mpaka mfupa utoe damu. Nyama hupelekwa maabara, maana penye vijidudu mfupa haupandwi mpaka vimemalizwa. Kama ukuta umetoboka, huzibwa kwa wavu wa chuma. Kisha vichwa vya mifupa vilivyotunzwa huondolewa gegedu na kukatwakatwa. Kwa kikombe vipande huwa kama punje kubwa za mahindi, milimita 7 hadi 10. Kwa ndani ya paja huwa vidogo zaidi. Halafu hutiwa katika tundu tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka hushindiliwa kwa nyundo na chuma chenye umbo la kikombe.

Kushindilia huko ndiko siri ya kazi. Ninyi mliokulia shamba mmeona sakafu ya udongo ikipigwa, au changarawe ya barabara ikikandamizwa na mtambo. Changarawe ile ile ikimwagwa tu huteleza chini ya gurudumu, lakini ikishindiliwa sawasawa hubeba lori. Vipande vya mfupa navyo ni hivyo. Vikilegea, kikombe kipya huzama. Vikishindiliwa mno pasipo uangalifu, mfupa uliokonda huweza kupasuka. Mwisho huwekwa saruji juu ya tabaka la mfupa, na kikombe kipya juu ya saruji.

Msomaji mwerevu atasema kuwa mfupa uliokaa barafuni umekufa. Ni kweli. Seli zake hazina uhai, na hautazamiwi kuishi kama mche uliopandwa. Kazi yake ni kama ya majukwaa ya miti ambayo waashi husimamisha mbele ya jengo hapa mjini, isipokuwa jukwaa hili hubeba nyumba tangu siku ya kwanza. Mishipa midogo ya damu ya mgonjwa hupenya katika nafasi zilizo baina ya vipande. Pamoja nayo huja wale mafundi wawili tuliowataja. Wa kubomoa huula mfupa mfu polepole, na wa kujenga huweka mfupa hai nyuma yao. Mzigo wa kutembea, ukiwa wa kiasi, huwaamsha kazini. Kazi huchukua miezi mingi, hata miaka, na pengine vipande vichache hubaki vile vile bila ya kugeuka. Hata hivyo seli zile zile zilizokuwa adui ndizo zinazofanya tiba.

Ndiyo sababu ya kuambiwa niende kwa magongo, nisikanyage kwa uzito wote kwa wiki sita, na kisha niongeze kidogo kidogo mpaka mwezi wa tatu. Picha ya mwaka huu, ambao ni wa nne tangu kupasuliwa, yaonyesha mistari ya mfupa mpya ikipita katika ile sehemu iliyokuwa kivuli. Siwezi kujua itadumu miaka mingapi. Najua tu kwamba pale palipokuwa pameisha sasa pana kitu.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Upasuaji wangu wa pili haukufanyika hapa Kampala. Nilikwenda India, kwa sababu huko nilipata hospitali yenye mfupa uliotunzwa. Ndugu zangu waliuza kiwanja na ng'ombe wanne ili nisafiri. Nilipandwa vichwa viwili vya mifupa, kutoka kwa watu wawili nisiowajua kwa jina wala kwa sura. Niliambiwa tu kuwa walikuwa wazee waliobadilishwa nyonga zao na kukubali kwa hiari kutoa kilichotolewa. Kichwa changu mwenyewe nilichotolewa ujanani kisingemfaa mtu, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kufa.

Sote twaijua benki ya damu ya Nakasero, na wengi wetu tulitoa damu tungali wanafunzi, watumishi wake walipokuja shuleni. Benki ya mfupa ni nduguye, tena kwa mambo mengine ni rahisi zaidi. Kundi la damu halina uzito mkubwa, kwa sababu mfupa huoshwa na seli zake zimekufa. Mfupa hukaa miaka kadhaa katika jokofu la digrii 80 chini ya sifuri. Mtoaji hupungukiwa na nini? Hakuna, maana kile kichwa kilikuwa kitupwe. Kinachotakiwa ni ruhusa yake, kuulizwa habari za afya yake, kupimwa damu kwa ajili ya Ukimwi, homa za ini na kaswende, na kwa kawaida kupimwa tena baada ya miezi sita kabla mfupa haujatumika. Baadhi ya benki huongeza mionzi ili kuua vijidudu. Umeme usikatike, na daftari lisikose mstari hata mmoja.

Uganda si mgeni katika kazi ya mifupa. Katika miaka ya 1960 Profesa Ronald Huckstep, akifundisha Makerere na kutibu Mulago, aliwainua watoto wengi waliopooza kwa polio kwa vyuma vya miguu vilivyotengenezwa hapa hapa kwa gharama ndogo, badala ya kungojea vya ng'ambo. Malawi tangu mwaka 2005 ina daftari la taifa linaloandika viungo vya bandia vinavyowekwa. Na mwaka 2023 Uganda ilipata sheria inayosimamia utoaji na upandikizaji wa viungo na tishu za binadamu. Basi mfano upo, na sheria ipo. Wazee wanaoanguka na kuvunjika shingo ya paja wapo kila wiki, na kichwa kinachotolewa kwa mmoja wao chaweza kumsimamisha kijana. Akiba haiozi, lakini sharti mtu aiweke.

Kwenu mlio darasani nasema mambo matatu. Mwenye maumivu ya nyonga au ya goti yasiyoisha asiyafiche kwa ajili ya mpira. Amwambie muuguzi wa shule, hasa akiwa na selimundu. Mwenye kiungo cha bandia katika jamaa yenu mkumbusheni kupiga picha kila alipoagizwa, hata akiwa hana maumivu, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wale wanaopenda fizikia na bayolojia wajue kuwa kuna kazi inayongoja mikono yao: maabara, majokofu, madaftari, na vyumba vya upasuaji. Nilipokuwa mwanafunzi hakuna aliyeniambia kuwa mtu aweza kuwa mtunza akiba wa mifupa. Mimi nawaambieni sasa, na natumaini atakayenipasua mara ya tatu, kama ikibidi, atakuwa mmoja wenu, na hatanituma ng'ambo.